Mti Wenye Alama Tatu

Kitendawili!

Haya, nimesikia "tega" yenu, ingawa Lusekelo amesema huku anatafuna. Nawategea hapa: Mtoto wangu ana baba watatu, siku ya ngoma wote huja, siku ya homa ni yatima.

Usiseme jogoo, Lusekelo. Kwako kila kitendawili ni jogoo. Na wewe Tumpe unaangalia dari kama jibu limening'inia huko pamoja na masizi. Kwa desturi mkishindwa mnanipa mji, lakini miji mliyonipa tangu mjue kusema ni mingi, na sijalala hata katika mmoja. Leo sitaki mji. Nataka masikio. Jibu mtaliokota njiani.

Mmetoka mkutanoni, mnasema watu walibishana juu ya transfoma iliyoungua, nani mwenye kazi ya kuitengeneza, kijiji au wilaya au watu wa umeme. Mara mzee mmoja kule nyuma akasema, "Mti wenye alama tatu huangushwa na upepo," na mkutano mzima ukanyamaza. Mkacheka ninyi wawili, kisha mkaona hakuna mwingine anayecheka. Sasa mnataka kujua methali hiyo ilitoka wapi. Haikutoka mbali, wajukuu zangu. Haikuletwa na mababu wa enzi zile fisi walipokuwa wakisema. Ilizaliwa hapa hapa Isyeto, pale njia inapopinda kwenda mashineni, na ilizaliwa hivi.

Miaka hiyo umeme ulikuwa ndiyo kwanza umefika. Kabla yake tuliwasha koroboi, na mahindi tuliyabeba kichwani mpaka chini bondeni kwenda kusaga. Mwanamke aliyekwenda asubuhi alirudi jioni, na shingo yake ilirudi kesho yake. Kwa hiyo tuliposikia umeme unakuja, hakuna aliyeuliza unakujaje. Tuliuliza unakuja lini.

Ulikuja kwa mikono ya watu watatu. Sisi wa kijiji tulichimba mashimo na kupandisha nguzo mabegani, maana lori lilishindwa na mlima. Halmashauri ya wilaya ilitoa ardhi ya kando ya barabara ili nguzo zipite. Serikali ya taifa, kupitia shirika lake la umeme, ilileta nyaya na mafundi. Siku ya kuwasha, wakapanda jukwaani watu watatu. Mwenyekiti wetu akasema, "Umeme huu ni wenu, wana Isyeto, mabega yenu yamechubuka!" Tukapiga makofi. Akasimama mkubwa wa wilaya akasema, "Umeme huu ni wa halmashauri, umepita katika ardhi yetu." Tukapiga makofi. Akasimama mgeni wa taifa akasema umeme ni wa taifa zima. Tukapiga makofi tena, na vigelegele juu. Ng'ombe alichinjwa. Tuliwaza kwamba kitu chenye wenyewe watatu hakiwezi kupotea.

Tumpe, naona macho yako yamewaka. Umelipata jibu la kitendawili. Nyamaza nalo kwanza, usimpe mwenzio.

Sasa, pale njia inapopinda palikuwa na nyumba ya Gwandumi na mkewe Subilaga. Gwandumi alikuwa mchonga vinu. Hata kinu hiki ninachotwangia karanga kimetoka mikononi mwake. Alikuwa mtu mrefu wa maneno machache. Ukimsalimia asubuhi, jibu lako hulipata mchana. Mkewe ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili. Subilaga alikuwa na ulimi, jamani! Akipita sokoni, hata viazi vilijipanga vizuri.

Kando ya nyumba yao ulisimama mkaratusi mkubwa, baba yake Gwandumi ndiye aliyeupanda. Mafundi walipopitisha waya waliupitisha karibu nao. Mti wakati huo ulikuwa wima, hakuna aliyeuwazia. Kisha ukaja mwaka wa mvua nyingi. Mfereji wa barabara ukala udongo upande mmoja wa mizizi, na mti ukaanza kuinama kidogo kidogo, kama mzee anayetaka kusikia linalonong'onwa. Ukauinamia waya. Upepo ukivuma, tawi liligusa, cheche zikaruka, na taa za kijiji kizima zikakonyeza.

Subilaga akamwambia mumewe, "Shoka lako linawakatia watu vinu kila siku. Kwetu sisi halina kazi? Ukate mti huo kabla haujatukata."

Gwandumi akaenda kwanza kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji alikuwa kijana anaitwa Asajile, mwenye adabu, na sitamsema vibaya.

"Baba," Asajile akamwambia, "najua mti aliupanda marehemu babu. Lakini leo una watu watatu. Shina limo kijijini kwetu. Mizizi imo katika eneo la barabara, na hilo ni la halmashauri. Tawi limegusa waya, na waya ni wa shirika la taifa. Tena ukiukata umeme ukiwa haujazimwa, utakufa."

"Basi zimeni."

"Si mimi ninayezima, baba. Kile kisanduku cha kwenye nguzo kina kufuli, na ufunguo uko mjini kwa watu wa umeme."

"Basi nikate upande wangu tu."

"Upande wako ni upi, na mti ni mmoja?"

Asajile alicheka kidogo aliposema hivyo. Gwandumi hakucheka. Alirudi nyumbani akakaa.

Asajile alifanya alichoweza. Alituma habari wilayani, akachukua chokaa, akauzungushia mti mstari mweupe ili wakubwa wakija wauone. Hiyo ndiyo alama ya kwanza. Na hapa, wajukuu zangu, mnapaswa kujua jambo moja la watu wa hapa, maana ninyi mnanunua mbao zikiwa zimeshapasuliwa.

Zamani mtu akiona mti msituni unaofaa kwa kinu au mzinga, na hana nafasi ya kuukata siku hiyo, aliuchanja mara moja kwa panga. Mkato huo ni neno lake. Yeyote atakayepita baada yake akiuona, hupita. Haulizi ni wa nani, hajali kama mwenyewe amekawia, mti umeshasemwa. Gwandumi mwenyewe aliwahi kuchanja mti, kisha akaugua mguu tangu kupanda mpaka kuvuna. Alipopona akaukuta umesimama, hata kuni zilizoanguka chini yake hazijaokotwa. Alikuwa akituhadithia hilo huku anatikisa kichwa kwa furaha. Kwake yeye, mtu anayekata mti wenye alama ya mwenzake ni mwizi, na hakuna jina jingine.

Basi chokaa ilipokauka, akakomea shoka lake ndani.

Baada ya muda akapanda bwana misitu wa wilaya, kavaa kofia pana. Akauzunguka mti, akaona mstari mweupe. "Vizuri," akasema, "kijiji kimeshaanza kazi. Sisi tunaruhusu." Akatoa kopo la rangi nyekundu, akachora mkasi mkubwa kwenye shina, akashuka mlima.

Baada ya muda tena wakaja watu wa umeme na gari lenye ngazi. Mhandisi wao akaona nyeupe, akaona nyekundu. "Wenyewe wameshapanga kuukata," akasema. "Sisi tutakuja kunyoosha waya wakimaliza." Akaamuru ipakwe rangi ya njano na mchoro wa radi, watu wajue ni hatari. Ngazi haikushushwa hata chini.

Mmeona? Kila mmoja aliiona alama ya mwenzake akaisoma kuwa ni ahadi. Kila mmoja akapaka yake akaondoka mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Lakini mzigo ukituliwa njiani hauyeyuki. Na sisi wa kijiji, kwa ule ujinga wetu wa heshima, tukafurahi kuliko wote! Mti wenye alama moja una mwenyewe. Wenye alama tatu, si utakatwa mara tatu? Wengine tukaenda kumpongeza Subilaga.

Subilaga alitupokea akiwa amejishika kiuno. "Karibuni mumwone bi harusi," akasema. "Ameshapakwa kila rangi. Imebaki kumpata bwana harusi tu, maana wote wanamchumbia na hakuna anayemchukua."

Tulicheka. Wakati huo ilikuwa inachekesha.

Upepo ukaendelea kuvuma na mti ukaendelea kuinama. Siku moja nilikwenda kwao kuazima ungo, nikawakuta wanabishana.

"Wewe ni mchonga vinu au mchonga nini?" Subilaga anasema. "Watu hawaji. Wameusahau."

"Aliyeweka alama atarudi," Gwandumi akajibu.

"Hao si watu wa vinu, mume wangu! Hao kwao alama ni kuonyesha kwamba walifika."

"Alama ni alama."

"Na nyumba ni nyumba. Na mimi ni mkeo."

Gwandumi akaendelea kuchonga kinu chake, mpaka nikatamani kuondoka bila ungo. Kisha akasema, "Nikiukata mti uliosemwa na watu, nitawaambia nini siku wakija na mashoka yao? Kwamba mimi ni mwizi?"

Subilaga akanigeukia mimi. "Jirani, umemsikia? Nimeolewa na mwaminifu. Mungu anisaidie."

Ndipo ukaja mkutano wa shuleni. Wakubwa walikuja kutuambia namna umeme utakavyofikishwa kijiji cha pili. Mhandisi alikuwepo, bwana misitu alikuwepo, na Asajile kakaa pembeni yao. Kwenye maswali, Subilaga akasimama.

"Mimi ni Subilaga, mke wa Gwandumi, jirani wa mti." Watu wakacheka. "Wageni wetu, mti wetu una nyeupe, una nyekundu, una njano. Umependeza, tunashukuru. Naomba kuuliza jambo dogo. Ataukata nani?"

Mhandisi akainuka. "Mama, swali zuri sana. Sera iko wazi. Sisi wa taifa tunalinda waya. Usimamizi wa miti uko wilayani."

"Wilaya inatoa ruhusa," bwana misitu akasema palepale, "na ruhusa tumetoa. Kazi yenyewe hufanywa na kijiji husika."

"Kijiji hakiruhusiwi kusogelea waya," Asajile akasema kwa sauti ndogo. "Sisi tulishapeleka habari juu."

"Juu wapi, mwanangu?" Subilaga akamuuliza. "Juu kuna tawi."

Watu wakaangua kicheko, hata mhandisi alitabasamu. Lakini Subilaga hakukaa. "Nimepata majibu matatu na sijapata jibu. Sikuuliza mti ni wa nani. Mume wangu anajua aliyeupanda. Nimeuliza ataukata nani."

Mhandisi akamtazama bwana misitu, bwana misitu akamtazama Asajile, na Asajile akatazama viatu vyake. Mwenyekiti akagonga meza. "Swali limepokelewa," akasema.

Wajukuu zangu, jihadharini na swali lililopokelewa. Ni kama mgeni anayekaribishwa kwa mikono miwili, kisha anaachwa uani mpaka kunanyesha.

Ilikuwa ni majira ya kuchimba viazi. Adhuhuri moja tulikuwa wanawake kadhaa tunarudi kutoka mashineni, kila mmoja na unga wake kichwani, tunacheka habari za watu. Upepo ulikuwa umevuma tangu alfajiri, na mvua ilikuwa imetulowesha mara mbili. Tulipokaribia pale pa kupinda nikasikia mti unalia. Mti mkubwa ukikatika mizizi hulia, si uongo. Ukaenda chini taratibu, ukauchukua waya, na waya ukakatika.

Gwandumi alitoka mbio katika kibanda chake cha kuchongea, tezo bado iko mkononi. Alituona tunakuja. Mtu yule ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, siku hiyo alipiga kelele ikajaa bonde zima. "Rudini! Waya! Rudini nyuma!" Akawa anakimbia kutuzuia, mikono juu. Tukasimama. Unga wangu ulianguka wote.

Alikuwa anaangalia kipande cha waya kilichokuwa mbele yetu sisi. Kipande cha pili kilikuwa kimelala katika maji ya mfereji, mbele yake yeye.

Akakanyaga maji.

Sitawaeleza zaidi ya hapo.

Subilaga akatoka ndani. Tulimkamata wanawake wote, na alitushinda nguvu karibu tumwachie. "Niacheni," anasema, "amelala tu, niacheni nimwamshe." Hakuna aliyeweza kumgusa Gwandumi, maana umeme ulikuwa bado unawaka. Asajile akaja mbio, akasimama chini ya nguzo yenye kile kisanduku. Akaokota jiwe avunje kufuli. Akaliweka chini. Akaliokota tena. Mwisho akapanda kilimani kwenye mtandao, akapiga simu mjini, na huko mjini wakamwambia asubiri, anayeshika ufunguo yuko safarini, ila wanamtafuta.

Tukasubiri. Kivuli cha nyumba kilianza mlangoni kikatambaa uani, polepole, tunakitazama, hakuna kingine cha kutazama. Kilipofika kwenye miguu ya Gwandumi ndipo taa ya mashineni ilipozimika, tukajua sasa tunaweza kumwinua.

Na asubuhi yake? Asubuhi yake misumeno ilipatikana. Ruhusa ilipatikana. Ufunguo ulipatikana. Wakaja wote, magari matatu yakifuatana, mara ya kwanza kupanda pamoja tangu siku ile ya ng'ombe. Mti ukakatwa vipande, ukasombwa, waya ukanyooshwa, na kabla hatujamaliza kuchimba kaburi taa zilikuwa zinawaka. Wengine waliona ni jambo la kushukuru. Mimi niliitazama taa ile mchana kweupe, nikaona aibu kwa niaba yake.

Tulipotoka makaburini wakubwa wakaja kukaa matangani. Walivua kofia, wakatoa pole. Subilaga alikuwa amekaa juu ya mkeka, kajitanda kaniki. Ulimi ule wote ulikuwa umekauka.

Mhandisi akamwinamia. "Mama, pole sana. Samahani kwa kuuliza saa hii. Kule juu watataka kujua chanzo. Mwenye mti ni nani, kila mtu ana maelezo yake, hilo tutalijadili. Lakini marehemu alikutwa na chombo cha kukatia mkononi. Kuna wanaosema labda ndiye alikuwa anaukata mti bila idhini."

Wenzangu wakaanza kunong'ona. Bwana misitu alikuwa anatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa mlango wa kutokea. Asajile akasema, "Hapana, ile ilikuwa tezo, tezo ni ya kuchongea," lakini alisema kwa sauti yake ile ndogo, na hakuna aliyemgeukia.

Mhandisi akauliza tena, kwa upole kabisa, "Mama, tunataka kujua tu. Mti huu uliangushwa na nani?"

Subilaga akainua uso. Akamtazama yeye, akamtazama wa wilaya, akamtazama Asajile, mmoja baada ya mwingine, kama anayewapimia nguo.

"Niliwauliza swali pale shuleni, mkalipokea," akasema. "Leo mmenirudishia, basi nitalijibu mwenyewe. Mume wangu hakuwa mwizi. Alingoja wenye alama warudi, akafa anawangoja. Msimtafute mwenye shoka, baba zangu. Mti wenye alama tatu huangushwa na upepo."